Moto wa Kwenda na Njia ya Kurudi

Kwa zaidi ya miaka 20 tangu Karl Benz apewe hataza ya motokaa yake mwaka 1886, magari mengi yaliyotembea usiku yalimulikwa na moto wenyewe: moto wenye ulimi, wenye masizi, wenye kuogopa upepo. Mwanzoni zilikuwa taa za mafuta zilizorithiwa kutoka kwenye magari ya farasi. Zilitosha kumjulisha anayekuja kwamba kuna kitu mbele yake. Hazikutosha kumwonyesha dereva shimo.

Kisha ikaja kabaidi. Mwaka 1892 Thomas Willson, Mkanada aliyekuwa akifanya kazi North Carolina, Marekani, aligundua njia ya kutengeneza kabaidi ya kalsiamu kwa wingi kwa kutumia tanuri la umeme. Mafundi wa kuchomelea kwa gesi wanaijua mpaka leo, na mimi kila ninapolitamka jina lake nasikia ndani yake jina la karabai. Ni mawe ya kijivu. Ukiyadondoshea maji hutoa gesi ya asetilini, na gesi hiyo ikiwashwa hutoa mwanga mweupe kuliko mafuta ya taa yanavyoweza. Basi taa ya gari ikawa na vyumba viwili, maji juu na kabaidi chini, na kilango kidogo cha kupunguza au kuongeza matone.

Taa hiyo nayo ilicheza. Gari likiruka kwenye bonde, maji yalimwagika zaidi na mwali ukaruka juu. Kabaidi ikiisha nguvu na kuwa uji wa chokaa, mwali ulizama. Unyevu ukijikusanya ndani ya mpira wa gesi, mwali ulidunda kama unakwikwi. Masizi yakiziba tundu la kutokea gesi, dereva alisimama, akashuka na kulizibua kwa waya mwembamba. Ukiitazama orodha hiyo utaona jambo moja: karibu kila mara mwali wenyewe haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa njiani, kabla ya gesi kuufikia.

Nimekaa na historia ya taa za mbele kwa muda mrefu sasa, kwa kuisoma na kwa kukaa kwenye mabenchi ya gereji, na naiona kama historia ya jitihada moja: kumficha dereva asione kuyumba kwa kile kinacholeta mwanga. Kila kizazi cha wahandisi kiliziba tundu moja, na kila kiraka kikageuka kuwa mahali papya pa kuharibika. Ndiyo maana fundi mzuri, akiletewa gari ambalo taa zake zinacheza, huisoma historia hiyo kinyumenyume, hata kama hajawahi kusimuliwa.

Kiraka cha kwanza kilikuwa mtungi. Mwaka 1904, mjini Indianapolis, Carl Fisher na James Allison walianza biashara iliyokuja kujulikana kwa jina la Prest-O-Lite. Waliuza asetilini iliyokwisha kutengenezwa na kujazwa kwenye mitungi, ili dereva asihangaike tena na matone ya maji. Mwali ukatulia. Lakini asetilini ikibanwa bila uangalifu hulipuka yenyewe, na majengo yao ya kujazia mitungi yalilipuka zaidi ya mara moja. Utulivu wa taa barabarani ulilipiwa na wafanyakazi waliokuwa mbali na barabara.

Kiraka cha pili kilikuwa umeme. Katika magari yake ya mwaka 1912, Cadillac ilifunga mfumo uliobuniwa na Charles Kettering na wenzake wa Delco, huko Dayton, Ohio: starta, umeme wa kuchoma mafuta, na taa, vyote vikihudumiwa na betri na jenereta. Wengi hukumbuka starta, kwa sababu iliwaondolea watu hendeli iliyokuwa ikivunja mikono. Mimi hukumbuka betri. Betri kwenye mfumo wa taa ni kama simtanki juu ya nyumba: pampu inaweza kukohoa, kusimama na kuanza tena, lakini bomba la jikoni linatoa maji yaleyale.

Umuhimu wa simtanki hilo ulionekana wazi kwenye gari ambalo halikuwa nalo. Ford Model T ilitengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, zaidi ya magari milioni 15, na kuanzia 1915 ilipewa taa za mbele za umeme. Betri haikuwapo. Umeme ulitoka kwenye magneto, yaani sumaku 16 zilizofungwa kwenye flaiwili na kuzunguka pamoja na injini. Injini ikikimbia, umeme ulipanda; injini ikitambaa, umeme ulishuka na mwanga ukatetemeka machoni. Kwa hiyo dereva aliyefika penye tope, mahali anapohitaji kuona kuliko popote, ndipo taa zilipomkimbia. Ilibidi aweke gia ya chini na kukanyaga mafuta ili aone njia. Akizidisha, aliunguza globu. Na kwa kuwa taa mbili zile zilifungwa kwa mfululizo, globu moja za volti 9 ikifuatiwa na nyingine kwenye waya uleule, moja ikifa ya pili nayo ilizima. Mwaka 1919 Ford ikaanza kutoa Model T zenye betri na starta.

Kati ya betri na injini palibaki kazi ya kuamua: lini betri ijazwe, lini iachwe, na kwa kiasi gani. Kazi hiyo ilifanywa na dainamo ikisaidiwa na kisanduku chenye vipande vidogo vya chuma vilivyogusana na kuachana, regulata. Vinapogusana, dainamo inapewa nguvu, vinapoachana, inapunguziwa, na hilo hutokea mara nyingi kwa sekunde, haraka kiasi kwamba jicho halioni. Vipande hivyo vikiungua na kuota vijishimo, jicho linaanza kuona.

Dainamo ilikuwa na udhaifu mwingine uliowatesa madereva wa nchi hii. Gari likisimama huku injini ikinguruma taratibu, haikutoa umeme wa kutosha kuwasha taa. Taa ziliendelea kula akiba ya betri.

Baba yangu aliyajua hayo bila kitabu. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na mwezi uliofuata njia ya mafuta ya kwenda Zambia kupitia kusini ikafungwa. Malori yakaanza kubeba mafuta kwenye mapipa kutoka Dar es Salaam, kupitia Morogoro, Iringa na Mbeya, kwenye barabara iliyokuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Waingereza waliiita njia ya jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilipoanza kazi mwaka 1968, mzigo huo ukapungua. Katikati ya miaka hiyo baba alikuwa utingo, kijana wa miaka 19, akilala juu ya mapipa.

Alichokisimulia zaidi hakikuwa ajali. Kilikuwa kusubiri. Lori moja likikwama kwenye tope usiku, yaliyo nyuma yalipanga foleni, na kila dereva alikuwa na hesabu ya kufanya. Akiacha taa zikiwaka huku injini ikinguruma taratibu, betri itakwisha na kesho lori litasukumwa. Akizima taa, anayekuja nyuma hatamwona. Jibu la hesabu hiyo lilikuwa utingo. Baba alitumwa nyuma hatua 100 na tochi, akasimama gizani peke yake, kati ya lori lenye mafuta na lori lisilojulikana litakalokuja. Alisema alijua taa za lori linalokuja lina dainamo ya namna gani kwa jinsi zilivyopanda na kushuka dereva alipobadilisha gia.

Kazi hiyo ya kusimama gizani ilipunguzwa na kifaa kidogo. Mwaka 1960 Chrysler ilitoa gari la Valiant likiwa na altaneta badala ya dainamo, na ndani ya miaka michache kampuni nyingine zikafuata. Altaneta huzalisha umeme wa kwenda na kurudi, kisha dayodi huugeuza uende upande mmoja. Dayodi za silikoni zilipokuwa ndogo na za bei ya kuvumilika, altaneta ikawezekana kwenye gari la kawaida. Faida yake kubwa ni kwamba inatoa umeme wa kutosha hata gari likiwa limesimama. Hasara yake ni kwamba dayodi moja ikifa, altaneta haifi nayo. Inaendelea kufanya kazi kwa kuchechemea, na umeme wake unakuwa na mawimbi ambayo taa zinaweza kuyaonyesha.

Wakati huo taa zenyewe zilikuwa zikiongezeka njaa. Marekani ilianza mwaka 1940 kutumia taa zilizofungwa kabisa, kioo, uzi na kiakisi vikiwa kitu kimoja. Ulaya ilileta globu ya halojeni mwaka 1962, na mwaka 1971 ikaja H4, yenye nyuzi mbili ndani ya globu moja, wati 60 za fulu na 55 za dim. Fanya hesabu: kwa gari la volti 12, kila globu inavuta karibu ampia 5, na mbili karibu 10. Katika njia ya ampia 10, kutu inayoleta ukinzani wa sehemu moja tu ya kumi ya ohmu inakula volti nzima.

Na globu ya uzi haisamehe. Mwanga wake haushuki sambamba na volti, unashuka kwa kasi zaidi. Volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa karibu asilimia 30. Ndiyo sababu jicho la dereva huona tatizo la umeme kabla ya kifaa kingine chochote ndani ya gari. Redio inaendelea kuimba, starta inaendelea kuwasha, lakini taa zimeshaanza kusema.

Kuna kiraka kimoja ambacho hakikubuniwa kuleta utulivu. Kilibuniwa kupunguza shaba. Umeme unahitaji njia mbili, ya kwenda na ya kurudi. Kwa kuwa gari lina mwili wa chuma, watengenezaji waliona hakuna haja ya kuvuta waya wa pili kutoka kila taa hadi kwenye betri. Waya mfupi ulifungwa kwa boliti kwenye bodi, na bodi yote ikawa njia ya kurudi. Mafundi wetu huiita ethi. Nusu ya safari ya umeme wa gari lako inapita kwenye rangi, kutu, boliti na tope la masika yaliyopita.

Lugha ya gereji inatusaidia na inatupoteza hapa. Fundi wa umeme hasemi volti zimefika. Anasema moto umefika. Waya una moto au hauna moto. Neno hilo linakumbuka mwali wa kabaidi kuliko tunavyodhani. Lakini mwali wa kabaidi ulikuwa na njia ya kwenda tu: gesi ilifika, ikaungua, ikaisha. Umeme hauishi kwenye taa. Unapita, na lazima urudi. Anayefikiri moto ukifika kazi imekwisha atabadilisha globu mpaka achoke.

Miaka kadhaa iliyopita gari nililokuwa nalo, dogo, lililokuja limetumika kutoka Japani, lilianza kuchezesha taa ya kulia. Duka moja lilikuwa limeshabadilisha globu za pande zote mbili na kupendekeza altaneta mpya. Nililipeleka kwa mzee mmoja wa Morogoro aliyefanya kazi chini ya mwarobaini, na mita yake imefungwa kwa gundi ya plasta. Hakufungua boneti. Aliniuliza.

"Inacheza moja au zote mbili?"

"Moja, mzee. Ya kulia."

"Na taa ya ndani, na za dashibodi?"

"Zimetulia."

"Ukikanyaga mafuta inabadilika, au mpaka upite kwenye matuta?"

"Kwenye matuta."

"Basi mwache altaneta apumzike."

Kwa maswali matatu alikuwa amefuta nusu ya karne. Kama taa zote za gari zingecheza pamoja, angeanza kwenye chanzo: mkanda wa altaneta, terminali za betri, regulata, dayodi. Angepima betri gari likiwa limezimwa akitarajia karibu volti 12.6, kisha injini ikinguruma akitarajia kati ya 13.8 na 14.5, kisha angegeuza mita kwenye umeme wa kwenda na kurudi, na akikuta zaidi ya nusu volti angemshuku dayodi. Kama zingecheza zote mbili za mbele na nyingine zikatulia, angekwenda kwenye swichi na rilei. Moja tu, tena kwa mtikisiko, ilimpeleka kwenye globu, soketi, na ethi ya upande huo.

Aliwasha injini na taa, ndipo akachukua mita. Nilimuuliza kwa nini asipime soketi ikiwa imechomolewa, ingekuwa rahisi. Akasema waya uliokatika ukabaki na unywele mmoja utakuonyesha volti zote usipoupa mzigo. Mpe mzigo ndipo aseme ukweli. Kisha akafanya jambo ambalo duka halikulifanya: akaweka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, na nyingine kwenye mguu wa ethi wa globu inayowaka. Pale panapaswa kusoma karibu na sifuri. Palisoma 1.8.

Betri ilikuwa na volti 14.1. Moto wa kwenda ulipoteza 0.4 tu njiani. Uliobaki ulipotea ukirudi. Globu ilikuwa ikiishi kwa 11.9, ikitoa kidogo zaidi ya nusu ya mwanga iliyopaswa kutoa, na kila tuta lilitikisa hata hiyo nusu.

Boliti ya ethi ilikuwa nyuma ya taa, chini ya rangi iliyopulizwa juu yake baada ya kazi fulani ya bodi. Aliifungua, akasugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akabana upya na kupaka grisi juu ili maji yasiingie. Kwa kuwa hakuiamini bodi ile, akavuta na waya wa ziada kutoka pale hadi hasi ya betri, ule waya ambao kiwanda kiliuokoa. Mita ikasoma 0.1. Nililipa bei ndogo kuliko ya globu moja.

Magari mapya yanaleta fumbo jipya. Uzi wa globu ni kitu cha moto, na kitu cha moto hakipoi mara moja. Umeme ukikatika kwa sehemu ndogo ya sekunde, uzi unaendelea kuwaka na kumficha dereva. LED haina huruma hiyo. Inazima papo hapo. Magari mengi ya siku hizi hutuma umeme kwa mapigo ya haraka, ama kupunguza mwanga, ama kuchunguza kama globu imeungua. Uzi haukuyaona mapigo hayo. Ukichomoa globu ya halojeni kwenye gari kama hilo na kuweka ya LED ya dukani, inaweza kuanza kupepesa siku ileile, na hakuna kilichoharibika. Gari linauliza swali ambalo lilikuwa likiuliza siku zote. Sasa tu linaonekana. Wauzaji wana kifaa cha kutuliza mapigo hayo, kiraka juu ya kiraka, nacho kina terminali zake za kushika kutu.

Katika magari mengi ya zamani ya Kimarekani, sakiti ya taa za mbele haikulindwa kwa fyuzi. Ililindwa kwa kikata umeme kinachojirudisha: waya ukizidiwa, kinapata joto na kukata, kikipoa, kinaunga tena. Taa huwaka, huzima, huwaka, huzima. Fyuzi ingekata mara moja na kumwacha dereva gizani katikati ya kona. Aliyekichora aliona bora taa icheze, ili mtu apate muda wa kuegesha.

Taa iliyolegea ethi nayo inatoa muda huo, ingawa hakuna aliyepanga. Usiku kwenye barabara ya Chalinze hadi Segera huwa nakutana na malori ya chongo. Kwa mbali taa moja ni pikipiki, na mtu anayekutana na pikipiki huiachia nafasi ya pikipiki. Lori la chongo lilikuwa, wiki kadhaa kabla, lori lenye taa moja inayocheza. Kilichohitajika wakati ule kilikuwa mtu wa kupima njia ya kurudi, na kipande cha msasa.